Springi Namba Moja

Jumamosi, 8 Juni 2024

Namba moja, bamba kuu la springi, limekatika. Nyuma, kulia, nikitoka Sepuka na magunia ya alizeti, kabla sijaikamata lami. Hakukuwa na kishindo. Gari lilikaa upande tu kama mtu aliyekalia kigoda kibovu, halafu tairi likaanza kula bodi. Utingo alikata gogo la mtunduru, tukalichomeka kati ya ekseli na chesisi, tukalikaza kwa vipande vya tyubu. Mwendo wa baiskeli hadi mjini.

Usiku nimelala chini ya gari na tochi. Bamba limekatika karibu na senta bolti, pale linapobanwa na yubolti. Nimeupangusa mkato kwa kitambaa cha dizeli: sehemu kubwa ni kahawia iliyokomaa, ukingo mmoja mwembamba tu ndio unaometa kijivu. Kwa hiyo leo lilikuwa linamalizia. Ufa ulikuwepo siku nyingi, maji yakiingia kati ya bamba na bamba, kutu ikiutafuna uso wa chuma, na kila shimo la barabara likiongeza kidogo. Shokomzoba ya upande huo imekauka mafuta, na imekauka tangu nilipolinunua gari kule Pangani. Springi ilikuwa inapigwa peke yake.

Mama watoto hakusema mengi. "Uza hicho chuma, nunua Canter." Halafu akaenda kulala. Hoja yake ina nguvu kuliko anavyojua, kwa sababu bei za Canter hajaziuliza, na mimi nimeziuliza.

Jumanne, 11 Juni

Kwa fundi springi, barabara ya kwenda Nzega. Singida haina njaa ya springi hata kidogo. Malori yote ya Rwanda, Burundi na Congo yanapita hapa, na kila penye malori kuna mtu mwenye nyundo, fuawe na rundo la mabamba. Yameegemezwa ukutani na kuandikwa kwa chaki: Fuso mbele namba 1, Scania nyuma namba 3, Howo. Nimesimama mbele ya tani kadhaa za springi nikitafuta moja, na haipo.

Shida ni upana. Land Rover yangu, 109 ya Series III, imepimwa kwa inchi za Waingereza: bamba lina inchi 2.5, yaani milimita 63.5. La Hilux lina 60, linacheza kwenye yubolti. La Fuso ni pana, haliingii. Kijana wa pale akasema tulipunguze la Fuso kwa grenda. Mwenye kibanda, mtu mzima, akamkatisha: "Ukilipasha moto pembeni kwa grenda umeshaliua. Litakatika hapo hapo ulipolikwangua." Nilimpenda kwa jibu hilo, maana angeweza kula hela yangu akanyamaza.

Nikamuuliza kuhusu kuzipiga zile zilizobaki zirudishe tao. Anaweza, anapiga zikiwa baridi, pigo kwa pigo juu ya fuawe. Ila akaniambia wazi kwamba mwezi hautaisha kabla hazijalala tena. Kuirudisha springi vizuri kunataka tanuri: bamba zima liive rangi moja nyekundu kuanzia ncha hadi ncha, litumbukizwe kwenye mafuta, kisha lipashwe tena kwa moto mdogo ili lisibaki gumu la kuvunjika. Yeye ana moto wa kupashia ncha tu.

Mzee huyo alijifunza kazi miaka ya themanini, kwenye karakana ya halmashauri. Anasema hakukuwa na spea kabisa. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 hadi 1983, na Land Rover zilikuwa zinaunganishwa huko huko Kenya, Thika. Fedha za kigeni za kuagiza Uingereza hazikuwepo. Magari ya serikali yalikaa juu ya mawe, na mafundi wakayala moja baada ya jingine ili machache yatembee. "Namba mbili tunaipasha ncha, tunaikunja tundu la bushi, inakuwa namba moja. Gari linakwenda Manyoni na kurudi." Na lile lililotolewa namba mbili? Akacheka. "Hilo lilishakuwa duka."

Jumamosi, 15 Juni

Siku nzima ya simu. Kariakoo, Gerezani, Ilala Shauri Moyo, Arusha. Swali la kwanza la kila muuzaji ni lile lile: "Ya Defender?" Nikisema ya zamani, ya mabamba, sauti inashuka.

Arusha ndiko nilikoweka tumaini, maana mji ule umejaa Land Rover za watalii. Lakini Land Rover ilihamia springi za mviringo mwaka 1983 ilipotoka One Ten, na hizo za utalii karibu zote ni za uzao huo. Mwenye duka anaweka kinachouzika. Ukitaka springi ya mviringo ya Defender unachagua rangi. Ukitaka ya Series III, uzao uliokoma 1985, unaambiwa subiri tuangalie stoo.

Muuzaji mmoja wa Dar alinitumia picha: springi mbili juu ya sakafu ya vigae, na pembeni kaweka ndala ya mguu wa kushoto ili nione urefu. Nikamwandikia apime kwa tepu, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Jibu: "Inaingia hiyo bosi, ondoa shaka." Nikamuuliza ni ya upande gani. Akauliza, springi ina upande?

Ina upande. Kwenye gari hizi dereva na tangi la mafuta viko upande mmoja, kwa hiyo kiwandani springi ya upande wa dereva ilipewa tao kubwa kidogo kuliko ya abiria. Ukifunga mbili zinazofanana, gari linainama kuelekea kwa dereva, na utasumbuliwa na mafundi wa kila kijiji wakikwambia chesisi imepinda. Huyu wa ndala nimemwacha.

Jumapili, 23 Juni

Nilifika kijiji kimoja Ikungi kufuata deni la alizeti, na mbele ya nyumba ya mwenye deni limepita tela la ng'ombe. Chini yake ekseli ya nyuma ya 109, nzima, na springi zake zote mbili. Nimeacha habari ya deni.

Mwenye tela ni mzee wa miaka sabini na zaidi, anatembea kando ya maksai wake, fimbo begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotelewa na nini huko chini?"

Maana nilikuwa nimeshainama. Springi zile zina tao ambalo zangu zimelisahau. Mabamba yamepakwa kitu cheusi, nikagusa, mafuta machafu ya mashine ya kusaga, anayapaka kila mwisho wa mvuno. Tela halijawahi kubeba mzigo wa gari na haliendi mbio, basi chuma kimepumzika miaka yote hiyo. Anasema ekseli ilitoka kwenye gari la misheni lililofia mtoni, akainunua pamoja na magurudumu enzi za Mwinyi. Gari hilo hilo lilitoa vitu vingi: bodi ya aluminiamu iliyeyushwa ikawa sufuria, kiti cha mbele kiko kwa kinyozi.

Nikamwambia nataka springi, nitamwekea za Hilux nzuri na hela juu. Akafikiri kwa adabu. Kisha akaniuliza tela hili linabeba nini. Nikasema maji, kuni, mazao. "Na wajawazito wa kijiji kizima, wakati wa mvua, pikipiki zikishindwa na mbuga. Mama mjamzito umpandishe kwenye tela lisilo na springi?" Sikuwa na la kumjibu, na hadi naandika hapa sinalo.

Alinielekeza kwa mhunzi, jirani yake, kwamba yeye hununua springi za aina zote. Kweli, ananunua. Nimeonyeshwa majembe, visu vya kuchinjia, mapanga, patasi ya kuchongea mizinga. Panga moja lilikuwa na mpini wa ajabu: chuma chenyewe kimejikunja mwishoni na kuwa tundu la duara, analipitishia kamba ya kutundikia. Nikaweka bolti yangu ya mfukoni ndani ya tundu. Nimepima ukubwa kwa jicho mara nyingi mwezi huu, sihitaji tepu. Ilikuwa namba moja ya Land Rover. Mhunzi akasema chuma cha Mwingereza kinashika makali kuliko cha Mchina, ndiyo maana akikipata hakikai. Nikanunua panga. Ndiyo springi pekee niliyopata leo.

Sasa naona picha yote. Watu wanasema spea za magari haya zimekwisha. Hazijaisha, zimeajiriwa. Springi za 109 zilizokuja mkoa huu, za misheni, za kilimo, za polisi, nyingi bado ziko humu humu: zinalima, zinachinja, zinapeleka wazazi zahanati. Nyingine walizoa watu wa chuma chakavu, hizo ndizo zimekufa kweli. Za mtumba za kweli zina wenyewe, na wenyewe wana kazi nazo kuliko mimi. Ni haki ninunue mpya.

Jumatano, 3 Julai

Nimeagiza Arusha. Muuzaji mwingine, dada mmoja, alipima kwa tepu bila kuombwa na akanipa vipimo vya pande zote mbili kabla sijataja neno upande. Zimetengenezwa India. Jozi, laki tisa na nusu, na yubolti na bushi juu yake. Nikamlipa nusu.

Leo kuzitoa za zamani. Nilidhani ingekuwa kazi ya asubuhi, fundi akacheka akasema tuanze halafu tutaona. Nati zilitoka vizuri. Bolti hazikutoka. Bushi ya gari hili ni mpira uliogandishwa kati ya mirija miwili ya chuma. Bolti inapita kwenye mrija wa ndani, na kwa miaka bolti na mrija vimeshikana kwa kutu vikawa chuma kimoja. Ukizungusha bolti, mpira unajinyonga na kuirudisha ilipokuwa. Inazunguka, haitoki. Tulijaribu mafuta, nyundo, moto. Mwisho fundi akawasha gesi, akauchoma mpira, moshi mweusi ukajaa uani na majirani wakatoka kuangalia nani anaungua, kisha akakata bolti pande zote mbili za tundu.

Ndipo tukaona habari yenyewe. Watu wanapenda kusema Land Rover haili kutu. Bodi haili, maana ni aluminiamu. Mwaka 1948 walipoanza, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo sababu. Chesisi ni chuma kitupu, boksi lililofungwa, na linaoza kutoka ndani. Hili limeishi Pangani, hewa ya chumvi, halafu likaja kwangu kukanyaga udongo mweusi wa mbuga. Pale springi ya kulia inaponing'inia nyuma, fundi alichokonoa kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Udongo ukatoka, mkavu nje na unyevu ndani, mwezi Julai, mvua ya mwisho tumeisahau.

Basi springi mpya ingefungwa kwenye karatasi. Fundi wa kuchomelea amekata sehemu yote iliyooza na kuweka sahani ya milimita 3, akafungua na vitundu viwili chini ili maji yawe na pa kutokea. Mkerezaji anachonga mrija mpya wa kushika bushi ya chesisi. Fundi springi alishaniambia siku ile, nami sikuzingatia kwa sababu nilikuwa natafuta springi: "Angalia inapofungwa, usiangalie yenyewe tu."

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba, karakana kimya. Mzee mmoja wa Utemini, mwalimu mstaafu, alipita kuangalia "maiti." Ana Peugeot 404 nyumbani iliyofunikwa turubai na haachi kuitaja. Kwa hoja yake nilipaswa kununua Peugeot. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally na 404 mwaka 1966 na akarudia 1967, na mwaka 1963 na 1968, magari saba tu yalipomaliza, la kwanza mara zote mbili lilikuwa 404 la dereva Nowicki. Yote kweli. Nikamuuliza lake limesimama kwa nini. Shokapu za mbele, akasema, zile ndefu zinazobeba springi. Amezitafuta hadi Mombasa. Hiyo nayo ni rally. Tukanywa chai.

Jumamosi, 20 Julai

Mzigo umefika kwa basi la usiku la Arusha. Kondakta alitaka nyongeza kwa sababu "chuma kinaumiza basi." Nimempa elfu tano, kelele zikaisha.

Nimezilaza uani zikiwa zimegeukia juu, nikavuta uzi kutoka tundu hadi tundu na kupima kina cha tao. Moja ina tao zaidi. Yule dada hakusema uongo. Nimeandika D kwa rangi nyeupe kwenye ya dereva kabla mtu hajazichanganya. Nikazifungua kidogo na kupaka grisi ya grafaiti kati ya mabamba, kama mzee wa tela, ila yeye anatumia mafuta ya bure.

Jumamosi, 27 Julai

Zimefungwa. Nimebishana na fundi jambo moja tu. Alitaka kukaza bolti za bushi gari likiwa bado juu ya jeki, kwa sababu ndivyo anavyofikia kirahisi. Nikakataa. Zikikazwa springi ikiwa imening'inia, mpira unashikwa katika mkao huo. Gari likishuka na mzigo ukiingia, unabaki umejinyonga muda wote na hauchukui mwaka kabla haujachanika. Kwanza magurudumu chini, gari litikiswe, uzito ukae, ndipo spana. Alilala chini akinung'unika, akakaza. Alipotoka akasema, "Sawa mwalimu." Mimi si mwalimu, lakini nilielewa alichomaanisha.

Nyuma imenyanyuka kupita kiasi, gari linainusa barabara. Mama watoto kaona: "Sasa linataka kuruka?" Nimepakia magunia ya mashudu na kuyaacha humo usiku wa leo ili springi zizoee uzito. Shokapu mpya nimefunga pia, za Mchina. Mwingereza hayupo dukani.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimeshuka Sekenke hadi Shelui na kupanda na mzigo. Vumbi, upepo wa Agosti, malori yakinyanyasa kama kawaida. Nyuma haikugonga mara moja. Tofauti niliisikia zaidi kwenye usukani: gari lilikuwa linavuta kulia miaka yote, nikadhani ndiyo tabia yake. Limeacha.

Springi za nyuma zimekaa, zimeshuka kiasi. Nimekaza tena yubolti baada ya safari, robo mzunguko kila nati. Sasa nasikia za mbele. Namba moja ya mbele kushoto imeanza kutoa unga wa kahawia kwenye kingo, kati yake na namba mbili. Najua unga huo unasema nini.

Mhunzi wa Ikungi alituma kijana kuulizia mabamba ya zamani. Nilimuuzia yote isipokuwa namba mbili na namba tatu za kushoto, ambazo hazina ufa. Hizo nimezipaka mafuta na kuzitundika stoo.

Jumatano, 9 Oktoba

Wiki hii Arusha wanakusanya Land Rover, tamasha, wanataka kuvunja rekodi ya dunia ya msafara. Vijana wa mjini wameniomba nipeleke langu. Mashine ya kukamua alizeti haisubiri tamasha, na kwenda na kurudi Arusha kwa gari hili ni dizeli ambayo mashudu hayailipi.

Lakini shemeji anakwenda, na penye magari hayo yote lazima wauza spea watapanga vitu chini. Nimempa karatasi. Springi za mbele jozi, Series III, 109, mabamba, si za mviringo. Bamba inchi 2.5. Tundu hadi tundu nimemwandikia. Ya dereva na ya abiria, zisifanane tao. Akiambiwa springi haina upande aende meza nyingine. Bushi nane, yubolti mpya, asikubali za mtumba. Tepu nimemtilia kwenye begi. Nimemwambia apime kwanza, anipigie, ndipo atoe hela.